Joto la Kaskazi Lisomwe Kwanza Katika Madaftari ya Pwani

Kila ifikapo Februari, kuanzia Lamu na Mombasa hadi Tanga, Unguja, Dar es Salaam na Mtwara, kauli moja husikika kwenye vyombo vya usafiri, maofisini na hata katika taarifa za habari: joto la mwaka huu halijawahi kuonekana. Anayesema hivyo hadanganyi kuhusu mwili wake, kwa maana fukuto la kaskazi halihitaji kipimo ili lisumbue. Hata hivyo, kusema kwamba jambo halijawahi kutokea ni kudai jambo kuhusu historia, na madai ya historia huthibitishwa kwa kumbukumbu. Kumbukumbu za pwani zipo, na nyingine zilianza kuandikwa kabla ya babu wa wengi wetu kuzaliwa. Tatizo ni kwamba tunajadili joto bila kuzifungua, au tunazifungua na kuzipanga kwa kalenda na vigezo vilivyotungwa kwa ajili ya misimu ya watu wengine. Kwa kufanya hivyo tunaliacha jambo linaloiumiza pwani zaidi, ambalo ni joto la usiku likiandamana na unyevunyevu, likipita bila kuhesabiwa.

Tuanze na chanzo cha joto lenyewe. Jua hupita juu kabisa ya Dar es Salaam mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na tena karibu na tarehe 10 Oktoba. Kama jua peke yake ndilo lingekuwa mwamuzi, vipindi hivyo viwili vingelingana kwa joto. Havilingani, na sababu kubwa ni bahari. Oktoba hufuata miezi ya kusi, upepo wenye nguvu ambao huyavuruga maji ya juu na kuyapoza, ilhali Machi huja baada ya miezi ya kaskazi, upepo mwepesi zaidi ambao huyaacha maji yatulie na kupashwa na jua siku baada ya siku. Bahari hupokea joto polepole na kulitoa polepole, ndiyo maana maji ya pwani yetu huwa na joto zaidi kati ya Machi na Aprili, miezi mitatu au zaidi baada ya jua kufika mwisho wa safari yake ya kusini mwezi Desemba. Kwa hiyo joto tunalolilalamikia Februari na Machi ni la bahari kwa kiasi kilekile ambacho ni la jua, na bahari haipoi jua linapozama.

Jambo hilo linaonekana waziwazi katika wastani wa muda mrefu wa kituo cha Dar es Salaam. Joto la juu la mchana mwezi Februari huwa nyuzi 32 hivi, na mwezi Julai huwa nyuzi 29 hivi. Tofauti ni ya nyuzi 3 au 4 tu. Joto la chini, yaani lile linalopimwa kuelekea alfajiri, huwa nyuzi 25 hivi Februari, na Julai hushuka hadi nyuzi 18 au 19. Kinachoitenganisha kaskazi na kipupwe katika jiji hilo, basi, ni usiku kuliko mchana. Lakini taarifa zetu za habari husoma joto la juu, magazeti huchapa joto la juu, na mjadala mzima husimama hapo. Nyuzi 33 za Dar es Salaam hazimshtui msomaji aliyesikia nyuzi 45 za jangwani, naye huhitimisha kwamba watu wa pwani wanalalamika kupita kiasi. Laiti angepewa safu ya pili ya jedwali, angeona usiku baada ya usiku ambao hewa haikushuka chini ya nyuzi 25, na angeelewa kwa nini mpagazi wa sokoni, dereva wa bodaboda, mama mjamzito na mzee mwenye maradhi ya moyo huamka wamechoka kama walivyolala. Mwili uliofanya kazi juani hutegemea usiku upoe ili nao upoe, na usiku usiopoa huufanya mchana unaofuata uwe mzito zaidi hata kama kipimajoto cha mchana huo kinaonyesha namba ileile ya jana.

Kosa la pili limo katika namna tunavyoipanga miezi. Majedwali mengi ya hali ya hewa hufuata mwaka wa kalenda, Januari hadi Desemba. Kwa nchi ambazo msimu wa joto ni Juni hadi Agosti mpangilio huo hauleti shida yoyote, kwa sababu msimu mzima unakaa katikati ya mwaka ukiwa haujaguswa. Kwetu sisi unaikata kaskazi vipande viwili, kisha unaishonea Januari, Februari na Machi za msimu mmoja kwenye Desemba ya msimu unaofuata. Anayetaka kujua, kwa mfano, kaskazi iliyofuata mvua kubwa za El Niño za vuli ya 1997 ilikuwaje, anahitaji Desemba ya 1997 pamoja na Januari hadi Machi za 1998. Jedwali la mwaka litampa Desemba hiyo katika mstari mmoja na miezi mingine katika mstari wa pili, ambamo imo pia Desemba ya 1998, wakati El Niño ilikuwa imekwisha na La Niña imeshika nafasi yake. Wastani wa mstari huo wa pili unachanganya hali mbili zinazokinzana za Bahari ya Pasifiki na kuziita mwaka mmoja. Namba ni sahihi, hesabu ni sahihi, na jibu halina maana kwa swali lililoulizwa.

Watafiti wa kimataifa hulikwepa tatizo hili kwa kutumia kundi la Desemba, Januari na Februari. Ni afadhali, lakini kundi hilo linaiacha nje Machi, ambao pwani yetu huuhesabu miongoni mwa miezi yake ya joto zaidi mpaka masika yatakaposhika. Anayeichambua kaskazi bila Machi ameondoa robo ya msimu, na huenda ameondoa robo iliyo nzito kuliko zote. Njia iliyo wazi ni kuunganisha miezi minne na kuuita msimu kwa miaka yake miwili, 1997/98, kama wanavyofanya wataalamu wa kilimo wanapoandika msimu wa mazao. Na hapa ni lazima nisisitize kwamba nasema pwani, sisemi Tanzania wala Kenya. Dodoma, ambako mvua za msimu huanza kuelekea Desemba na kuipoza ardhi, joto hufikia kilele Oktoba na Novemba. Nyanda za Juu Kusini zina mpangilio wao mwingine kabisa. Taarifa inayozungumzia msimu wa joto wa taifa zima kana kwamba ni mmoja haiwezi kumsaidia mtu wa Tanga wala wa Njombe.

Suala la unyevunyevu linastahili kuangaliwa kwa karibu, kwa sababu kifaa kinachoueleza ni rahisi na kimekuwapo vituoni kwa muda mrefu. Ndani ya kile kibanda cheupe cha mbao chenye kuta za luva, ambacho mtu yeyote aliyepita karibu na kituo cha hali ya hewa amekiona, vipimajoto viwili husimama sambamba. Kimoja ni kikavu. Kingine kimevikwa kitambaa chembamba cha pamba ambacho ncha yake imezamishwa katika kichupa cha maji, hivyo kitambaa kinabaki kibichi muda wote. Maji ya kitambaa yanapogeuka mvuke hukipoza kipimajoto, kama jasho linavyoupoza mwili, na kadiri hewa inavyokuwa na unyevu mwingi ndivyo mvuke unavyotoka kwa shida na kipimajoto kibichi kinavyokikaribia kile kikavu. Hewa ya nyuzi 40 yenye unyevu wa asilimia 20 hukishusha kipimajoto kibichi hadi karibu nyuzi 23. Hewa ya nyuzi 32 yenye unyevu wa asilimia 70, hali ambayo si ngeni pwani wakati wa kaskazi, hukiacha kwenye nyuzi 27 hivi. Kwa anayetegemea jasho limpoze, hali ya pili ni ngumu kuliko ya kwanza, ingawa namba inayotangazwa ni ndogo kwa nyuzi 8.

Usomaji wa kipimajoto kibichi umeandikwa madaftarini pamoja na ule wa kikavu, kwa saa zilezile, miaka yote ambayo vituo vimefanya kazi. Mara chache sana umetumiwa kueleza hali ya watu. Kinachotangazwa zaidi ni asilimia ya unyevu, nayo ina mtego wake: hewa baridi hubeba mvuke kidogo, hivyo asilimia hupanda alfajiri na kushuka mchana hata pale ambapo mvuke wenyewe haukuongezeka wala kupungua. Anayechukua wastani wa asilimia za siku nzima na kuuoanisha na joto la juu la mchana amefunga ndoa ya namba mbili ambazo hazijawahi kukutana. Saa tisa alasiri isomwe na saa tisa alasiri, na alfajiri isomwe na alfajiri.

Umuhimu wa haya yote unaonekana katika nyumba tunazojenga. Nyumba za zamani za mawe ya matumbawe, kama zile za Mji Mkongwe na Lamu, zilikuwa na kuta nene, dari za juu na nafasi za kupitisha upepo. Nyumba za makuti za vijijini hazikuhifadhi joto jingi hata kidogo. Nyumba ya kawaida ya mjini leo ni ya matofali ya saruji na bati, na dirisha lake ni la aluminiamu la kusukuma, ambalo kwa umbile lake haliwezi kufunguka zaidi ya nusu ya upana wake. Ukuta wa saruji hunywa joto mchana kutwa na kulirudisha chumbani usiku, saa ambazo kaskazi huwa imetulia na upepo unaopita kwenye nusu ya dirisha hautoshi kuliondoa. Mchoraji wa nyumba anayeuliza joto la juu la mwaka amepata namba isiyomsaidia. Anachohitaji ni idadi ya usiku ambao joto halikushuka chini ya kiwango fulani kati ya Desemba na Machi, pamoja na mwelekeo na kasi ya upepo wa usiku katika miezi hiyo, na vyote viwili vinaweza kutolewa na kituo cha uwanja wa ndege wa karibu. Wenye uwezo hulitatua tatizo kwa kiyoyozi, ambacho hutoa joto la chumbani na kulimwaga uchochoroni kwa jirani. Wasio na uwezo hulala barazani.

Hata hivyo, sitaki msomaji aondoke na imani kwamba daftari la kituo ni maandiko yasiyohojiwa. Daftari huandikwa na mtu, kwa kalamu, mara nyingi katika saa ambazo wengine wamelala: saa tisa usiku, saa kumi na mbili asubuhi, saa tatu asubuhi, na kuendelea hivyo kila baada ya saa tatu katika vituo vikubwa. Safu moja ina joto la juu, nyingine joto la chini, nyingine kipimajoto kibichi, nyingine mvua iliyopimwa saa tatu asubuhi. Mahali ambapo mtu hakusoma kipimo panapaswa kuwekwa alama ya kukosekana. Karani anayenakili daftari hilo kwenye kompyuta miaka 40 baadaye, akikuta nafasi tupu katika safu ya mvua, akaweka sifuri, ameumba siku ya ukame ambayo haikuwapo. Katika safu za joto hatari ni ya namna nyingine, kwa kuwa sifuri ya joto hugundulika mara moja pwani, ila namba za juu na za chini zilizobadilishana safu hazigunduliki kwa urahisi.

Mfano mashuhuri wa kosa la aina hiyo ulitokea Libya. Tarehe 13 Septemba 1922, kituo cha El Azizia kiliandika nyuzi 58, na kwa miaka 90 dunia iliamini kwamba hilo ndilo joto kubwa kuliko yote yaliyowahi kupimwa. Jopo la Shirika la Hali ya Hewa Duniani lililochunguza upya suala hilo lilipata daftari la asili la kituo, na ndani yake likaona kwamba siku mbili kabla ya rekodi mwandiko ulikuwa umebadilika, ishara kwamba msomaji mpya alikuwa ameanza kazi, na kwamba namba zilikuwa zikiandikwa katika safu zisizo zake. Kifaa chenyewe kilikuwa cha aina ambayo asiyeizoea anaweza kusoma ncha isiyo sahihi ya kiashiria na kukosea kwa nyuzi 7 hivi. Namba hiyo haikuoana na vituo vya jirani, wala na usomaji wa baadaye wa kituo hichohicho. Mwaka 2012 rekodi ikafutwa. Ninalolipenda katika kisa hiki ni kwamba ukweli haukupatikana kwa setilaiti wala kwa modeli ya kompyuta, bali kwa ukurasa wa karatasi ambao mtu fulani alikuwa ameutunza. Kama karatasi hiyo ingeliwa na mchwa, kosa lingebaki vitabuni hadi leo.

Rekodi za pwani yetu zina historia yenye misukosuko, na kila msukosuko umeacha alama ndani ya namba. Wajerumani walipima hali ya hewa Dar es Salaam na kwingineko wakati wa utawala wao, kisha Vita vya Kwanza vya Dunia vikaja na kuuvuruga utaratibu huo. Waingereza walianzisha idara ya hali ya hewa ya Afrika Mashariki mwaka 1929, makao yake makuu yakiwa Nairobi, nayo ikahudumia nchi zote za eneo hili hadi Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 na kila nchi ikabaki na idara yake. Tanzania ilianzisha wakala wake wa hali ya hewa mwaka 1999, ambao baadaye ukawa mamlaka kwa sheria ya mwaka 2019. Katika safari hiyo yote vituo vimehamishwa, vifaa vimebadilishwa na saa za kusoma hazikuwa zilezile kila mahali. Vipimo vya Dar es Salaam vya enzi ya Wajerumani havingeweza kuchukuliwa uwanja wa ndege, kwa sababu uwanja wenyewe haukuwapo. Anayeunganisha namba za wakati ule na za leo kwa mstari mmoja, bila kuandika kituo kilikuwa wapi, anaweza kuwa anapima umbali wa kutoka bandarini hadi uwanja wa ndege huku akidhani anapima mabadiliko ya tabianchi.

Jiji nalo limekifuata kituo. Sensa ya mwaka 1967 iliikuta Dar es Salaam na watu wapatao 273,000. Ya mwaka 2022 iliikuta na watu zaidi ya milioni 5.3. Eneo la uwanja wa ndege ambalo zamani lilikuwa pembezoni sasa limezungukwa na mitaa iliyosongamana ya Kipawa, Ukonga na Gongo la Mboto, yenye lami, bati na saruji. Inajulikana vyema kwamba ujenzi wa namna hiyo hupandisha zaidi joto la usiku kuliko la mchana. Kwa hiyo sehemu ya ongezeko la joto la usiku katika kituo kilichozungukwa na mji inaweza kuwa ya jiji lenyewe, na sehemu ni ya dunia nzima inayopata joto; njia ya kuzitenganisha ni kukilinganisha na vituo vya pwani ambavyo havijamezwa na mji. Wapo watakaosema kwamba kasoro hii inazifanya namba za jiji zisifae. Nakataa. Mkazi wa Ukonga analala katika joto lote, la jiji na la dunia, na daraja la pili la swali, yaani lipi limeletwa na nini, haliondoi ukweli wa daraja la kwanza. Yanatakiwa maelezo mawili yaandikwe kwa uwazi, moja kwa anayepanga mji na jingine kwa anayechunguza tabianchi.

Kwa nini basi tusitumie ramani za dunia na programu za simu, ambazo hazihitaji daftari wala barua ya maombi? Kwa sababu zinajibu swali jingine. Data za modeli zinazotumiwa sana na watafiti wa tabianchi, zinazoitwa ERA5, huigawa dunia katika miraba yenye upana wa kilomita 31 hivi. Kisiwa cha Unguja, mahali kilipo kipana zaidi, hakitoshi hata miraba miwili, na mraba wa ufukweni huchanganya bahari na nchi kavu na kuzipa namba moja. Katika ramani ya joto la dunia ya shirika la NASA, kituo kimoja huweza kuchangia hesabu ya maeneo yaliyo umbali wa hadi kilomita 1,200, ambao unatosha kabisa kuufanya mji wa nyanda za juu kama Nairobi uchangie katika rangi inayopakwa juu ya pwani. Wataalamu hao hawajakosea. Wanalinganisha kila kituo na wastani wake chenyewe, na kwa swali la dunia nzima njia yao ni imara. Ila mkuu wa shule ya Bagamoyo anayetaka kuamua saa ya michezo mwezi Machi hajauliza swali la dunia nzima. Na ni vyema kukumbuka kwamba rangi hiyo hupakwa kwa kubahatisha zaidi pale ambapo vituo vya karibu havikutuma data, jambo ambalo kwa Afrika limetokea mara nyingi mno.

Upo pia mchango wa kumbukumbu za wazee, ambao sipendi kuuona ukipuuzwa na wenye vipimajoto. Pwani ilikuwa na kalenda yake ya jua, inayoanza siku ya Nairuzi na kuhesabiwa kwa miongo ya siku kumi kumi, na kwayo manahodha walijua lini kaskazi ingeanza kushika na lini tanga lingegeuzwa, na wakulima walijua lini kupanda. Mtu anayekumbuka kwamba enzi za ujana wake kaskazi ilishika katika mwongo fulani ametoa taarifa inayoweza kulinganishwa na safu ya upepo katika daftari la kituo, mradi tarehe za miongo zigeuzwe kwa uangalifu kwenda kalenda ya kawaida. Lakini kumbukumbu ya binadamu ina mipaka yake. Kimbunga Hidaya kilipokaribia pwani ya Tanzania Mei 2024, wengi waliamini kwamba pwani yetu haijawahi kufikiwa na kimbunga, ilhali Lindi ilipigwa Aprili 1952, na Zanzibar iliharibiwa vibaya Aprili 1872, mikarafuu ikang'oka na vyombo vikazama. Maisha ya vizazi viwili yalitosha kulifuta tukio ambalo karatasi haikulisahau. Joto, ambalo halivunji mikarafuu, husahaulika upesi zaidi.

Limebaki suala la kulinganisha na nini. Wastani unaotumiwa sasa na idara za hali ya hewa duniani ni wa miaka 30 kati ya 1991 na 2020. Kwa mkulima au mfanyabiashara huo ndio unaofaa, kwa sababu unaeleza hali anayoishi nayo. Kwa anayetaka kujua tumebadilika kiasi gani, ni kigezo kinachopunguza makali ya jibu, kwani miaka hiyo yenyewe ilikuwa na joto zaidi kuliko iliyotangulia. Ndiyo sababu Shirika la Hali ya Hewa Duniani limeendelea kuuhifadhi wastani wa 1961 hadi 1990 kwa ajili ya kazi hiyo. Taarifa inayosema joto lilizidi wastani kwa nyuzi 1 bila kutaja wastani upi imemwachia msomaji nusu ya sentensi.

Data hizi, kwa sehemu kubwa, hupatikana kwa maombi na kwa ada. Naelewa sababu. Kuendesha kituo kunagharimu fedha, na kampuni ya bima inayotumia data kwa faida haina hoja ya kuzipata bure. Lakini majumuisho ya mwezi ya joto la juu, joto la chini na kipimajoto kibichi kwa vituo vikubwa vya pwani hayawezi kuwa chanzo kikubwa cha mapato, na kuyafungia kunaigharimu jamii zaidi ya ada inayokusanywa. Sera ya pamoja ya data iliyopitishwa na mataifa wanachama wa Shirika la Hali ya Hewa Duniani mwaka 2021 inasisitiza kubadilishana data za msingi bila malipo, na Tanzania, kwa ushirikiano na watafiti wa nje, tayari imefanya kazi nzuri ya kuunganisha data za vituo na za setilaiti katika mpango uitwao ENACTS. Kilichobaki ni kushuka kutoka kwenye ramani hadi kwenye ukurasa wa kituo kimoja.

Ukurasa huo hauhitaji teknolojia mpya. Kila Aprili, kwa kila kituo kikubwa cha pwani kutoka Lamu hadi Mtwara, utolewe msimu wa Desemba hadi Machi ukiwa mzima: usiku mangapi joto lilibaki nyuzi 25 au zaidi, kipimajoto kibichi cha saa tisa alasiri kilikuwa na wastani gani, na misimu yote iliyotangulia ikae kwenye jedwali hilohilo. Chini yake yaandikwe mahali kituo kilipo, miaka kilipohamishwa, na tarehe kifaa kilipobadilishwa, hasa katika kipindi hiki ambacho vipimajoto vya zebaki vinaondolewa kwa mujibu wa Mkataba wa Minamata na mitambo ya kujiendesha inawekwa badala yake. Kifaa cha zamani na kipya vinapaswa kusomwa pamoja kwa angalau mwaka mzima kabla cha zamani hakijaondolewa, na tofauti iliyoonekana kati yao ichapishwe. Mwezi uliokosa siku 11 au zaidi za vipimo, au siku 5 mfululizo, usipewe wastani, kwa kuwa ndivyo kanuni za kimataifa zinavyotaka. Nafasi yake iachwe wazi na iandikwe kuwa haina data, wala asitafutwe mtu wa kuijaza kwa kukisia.